Hema Linapovuja: Subira Si Kukaa Chini ya Tone



Kila sifa njema ni ya Allah (s.w.), anayeteremsha mvua kwa kipimo, akahuisha kwayo ardhi iliyokufa. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na kila anayefuata njia yao mpaka siku ya malipo.

Ndugu zangu wanafunzi, kurasa hizi mara nyingi zimezungumzia riba, hijabu, mitihani na ndoa. Leo naomba mnivumilie nizungumzie hema linalovuja. Si hema la mfano. Ni hema la familia yangu, na nitakayoyasema yamenifundisha zaidi ya daftari zangu za mihula minne.

Wengi hapa mnanijua kama Mrundi. Kwetu ni Gatumba, mji ulio kati ya Bujumbura na mpaka wa Kongo, pale mto Rusizi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Ni ardhi tambarare, ya mchanga na tope, ya watu wa mukeke na ndagala. Baba yangu alikuwa akinunua samaki ufukoni alfajiri na kuwauza sokoni. Aprili 2020 Rusizi ulivunja kingo zake, maji yakaingia Gatumba usiku. Nyumba yetu ya matofali mabichi haikumaliza siku mbili. Maelfu ya watu tulitoka na tulichoweza kubeba kichwani. Bibi yangu alibeba msahafu na kibuyu cha maziwa. Tukapelekwa kwenye kambi nje ya mji, tukapewa hema.

Nataka mlijue hema lenyewe. Hema la familia la aina ile lina eneo la chini la mita za mraba 16. Ndani yake wanalala baba, mama, bibi na wadogo zangu wanne. Nikienda mimi tunakuwa wanane, yaani mita mbili za mraba kwa mtu. Kipimo cha chini kinachofuatwa na watu wa misaada duniani ni mita tatu na nusu kwa mtu. Tena hema hutengenezwa livushe watu dharura, kama mwaka mmoja hivi. Jua hulikausha kitambaa chake, upepo hulegeza kamba zake, mishono hufunguka. Letu la kwanza lilipochoka tulipata la pili, na hilo la pili nalo likaanza kuchoka. Baba alijiandikisha kwenye orodha ya kubadilishiwa. Orodha ilikuwa ndefu.

Subira ya kwenye simu

Mimi nilipata nafasi ya kuja kusoma hapa Uganda. Nikawa napiga simu nyumbani kila Ijumaa baada ya swala. Nikiuliza, "Hamjambo?" baba hujibu, "Hatujambo, alhamdulillah." Nikiuliza mvua, hujibu, "Inanyesha, ni rehema." Nami, mwanafunzi wa masomo ya Kiislamu, nilikuwa na jibu langu tayari. Namwambia, "Subirini baba, Allah yu pamoja na wenye kusubiri." Kisha nakata simu, nalala kwenye kitanda kikavu cha hosteli, chini ya bati.

Maneno yale ni ya kweli. Lakini niliyatamka kama mtu anayelipa deni la mwenzake kwa fedha ya mdomo.

Mwaka 2024, Ramadhani ya mwaka 1445, niliomba ruhusa ya siku 12 nikawaone wazazi. Nilipanda basi la kupitia Tanzania, Mutukula mpaka Kobero. Mwaka ule mvua zilikuwa nyingi na Ziwa Tanganyika lilipanda tena, likaingia mpaka kwenye majumba ya mwambao wa Bujumbura. Nilifika kambini siku za kumi la mwisho la mwezi mtukufu. Nilikuwa na nia kubwa ya kukesha. Nilikuwa nimebeba kitabu cha adhkari.

Usiku wa pili mvua ikaja, kama saa saba za usiku. Kwanza upepo, halafu kishindo kwenye turubai kama mchanga unaomwagwa. Nikasikia mama akisema kwa sauti ya chini, "Amkeni." Hapo nikaona jambo lililonifunga mdomo. Hakuna aliyeuliza afanye nini. Mdogo wangu wa miaka saba akachukua beseni akaliweka mahali pake bila kutazama. Wa miaka kumi akaweka sufuria mahali pake. Mama akamsogeza bibi kwenye kipande cha katikati kushoto, mahali pekee ambapo hapavuji kabisa. Baba akatoka nje na tochi kukaza kamba. Msahafu wa bibi ulikuwa ndani ya mfuko wa nailoni, umefungwa juu kwenye mti wa hema. Kila mmoja alikuwa na kazi yake na anaijua gizani, kama safu za swala. Ni mimi tu niliyekuwa nimesimama sina mahali.

Nikagusa paa kwa mkono, nione kama limelowa. Mama akanishika mkono haraka. "Usiguse! Ukigusa linaanza kutona hapo hapo." Kitambaa kilicholowa ukikigusa kwa ndani, maji hufuata kidole. Mtoto wa miaka saba anajua. Mimi sikujua.

Tulikaa vile mpaka karibu na daku. Mama alikuwa amesimama kwenye kona, ameinua kipande cha plastiki juu ya nguo za watoto, bega limelowa. Nikamwambia, "Mama, ni qadari ya Allah." Hakukasirika. Akanijibu, "Najua mwanangu. Na plastiki hii nayo ni qadari yake. Shika upande huo."

Aya ya mahema

Asubuhi niliona haya kubwa. Nikarudi kwenye Qur'ani, kwa sababu mtu akipotea hurudi alikoanzia. Nikaenda Suratun-Nahl, aya ya 80. Hapo Allah (s.w.) anatukumbusha kwamba ametujaalia majumba yetu kuwa mahali pa utulivu, na akatujaalia kutokana na ngozi za wanyama nyumba tunazoziona nyepesi siku ya kusafiri na siku ya kutua. Wafasiri wanasema nyumba hizo nyepesi ndizo mahema.

Angalieni mpangilio wake. Hema limetajwa katika orodha ya neema, pamoja na nyumba. Kwa hiyo aliye ndani ya hema hayuko nje ya neema ya Mola wake, na asidharauliwe. Lakini angalieni pia hema limetajwa na kazi yake: kusafiri na kutua. Neno lililotumika kwa nyumba ni *sakan*, mahali moyo na mwili vinapotua. Hema ni la njiani. Mtu akikaa miaka minne kwenye kitu cha njiani, amekosa sakan, na hilo ni jambo la kuwashughulisha Waislamu wenzake. Nilikuwa nimeisoma sura ile mara nyingi nikipita. Sikuwahi kusimama kwenye aya ile kwa sababu nilikuwa na bati juu ya kichwa.

Paa la Mtume nalo lilivuja

Bibi yangu hajui kusoma, lakini ana swali kwa kila anayejiita msomi. Asubuhi ile akaniuliza, "Mjukuu wangu, Mtume wetu naye alivujiwa?"

Nikamsimulia hadithi ya Abu Said al-Khudri (r.a.), iliyo katika Bukhari na Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa katika itikafu mwezi wa Ramadhani. Akawaeleza maswahaba kwamba alionyeshwa Usiku wa Cheo kisha akasahaulishwa, ila alijiona akisujudu asubuhi yake katika maji na tope. Msikiti wake siku zile ulikuwa umeezekwa kwa makuti ya mtende. Usiku wa 21 mvua ikanyesha, paa likavuja pale pale anaposwalia. Abu Said anasema aliona kwa macho yake alama ya maji na tope kwenye paji la uso wa Mtume alipomaliza swala ya asubuhi.

Bibi alikaa kimya. Kisha akasema, "Basi tope hili si laana." Nikamjibu, "Si laana, bibi."

Ndugu zangu, kuna watu huku mitaani wanaowaambia walioathirika na mafuriko kwamba wamepatwa kwa sababu ya madhambi yao. Nani amewapa habari ya ghaibu? Paji la uso lililo bora kuliko yote duniani lililowa tope la paa linalovuja, katika usiku ulio bora kuliko miezi elfu. Anayemwambia maskini kwamba paa lake linavuja kwa sababu Allah amemkasirikia, na aitazame hadithi hii kabla hajafungua mdomo.

Kusema "panavuja" si kukosa subira

Jambo la pili lililonipata ni hili. Nilimuuliza baba kwa nini miaka yote hakuniambia. Akasema, "Niliogopa nionekane nalalamika." Nikatambua kwamba mimi ndiye niliyemfunga mdomo, kwa ile subira yangu ya kwenye simu.

Hebu tuitazame sunna. Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kwamba mtu mmoja aliingia msikitini siku ya Ijumaa, Mtume (s.a.w.) akiwa anahutubu, akamweleza kuwa mifugo inaangamia kwa ukame na akamtaka amuombe Allah. Mtume akainua mikono akaomba. Mvua ikanyesha mpaka Ijumaa ya pili. Mtu akasimama tena, khutba ikiendelea, akaeleza kuwa sasa nyumba zinabomoka na mali inazama. Mtume hakumwambia kwamba wiki iliyopita ni nyinyi mliotaka mvua. Hakumwambia nyamaza usubiri. Aliinua mikono akamuomba Allah mvua iwe pembezoni mwao, isiwe juu yao, inyeshe vilimani, mabondeni na mahali panapoota miti. Mawingu yakafunguka juu ya Madina.

Mtu yule alikatiza khutba kusema kwamba nyumba zinabomoka, na akasikilizwa. Nabii Yaqub (a.s.) alisema subira njema, na papo hapo akamshitakia Allah huzuni yake. Nabii Ayyub (a.s.) alimweleza Mola wake kwamba dhara imemgusa, na Allah akamsifu kwa subira. Subira ni kutomkasirikia Allah na kutoacha wajibu. Haimkatazi mtu kusema ukweli wa hali yake kwa anayeweza kusaidia. Basi baba yako akikwambia panavuja, usimjibu kwa aya kabla hujauliza ni wapi.

Na katika mlango huu dini imetufanyia wepesi ambao wengi hawaujui. Ibn Abbas (r.a.), siku ya Ijumaa yenye mvua na tope, alimwamuru muadhini awatangazie watu waswali majumbani kwao. Watu walipostaajabu akawaambia kwamba aliyefanya hivyo ni mbora kuliko yeye, akimkusudia Mtume, na kwamba alichukia kuwatoa watu watembee kwenye matope. Wadogo zangu waliniuliza kama inafaa kuswali juu ya mkeka uliolowa. Inafaa, kwani maji ya mvua ni twahara, na unyevu peke yake haubatilishi swala. La kuangalia ni yale maji yanayotoka upande wa vyoo vya kambi vinapojaa. Hayo yakijulikana kuwa na najisi, huepukwa na mahali pake huoshwa.

Mfunge ngamia wako

Katika hadithi ya Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume (s.a.w.) amfunge ngamia wake ndipo ategemee, au amwache na ategemee. Akaambiwa amfunge, kisha ategemee. Nami nimejifunza kwamba kila mtu ana ngamia wake, na wetu ana kamba kumi na mbili.

Mimi na baba tulianza kazi asubuhi ile ile baada ya Alfajiri. Nitayaandika tuliyoyafanya, huenda yakamfaa mmoja wenu.

Kwanza, mtaro. Tulichimba kuzunguka hema, kina cha kiganja na nusu, tukauelekeza upande wa mteremko ili maji yasirudi. Mtaro usio na njia ya kutokea ni kisima tu. Pili, kamba. Paa lililolegea hushika maji katikati kama bakuli, na maji yaliyotuama hatimaye hupenya. Tulizikaza zote, tukaacha nafasi kidogo kwa zile za katani, maana zikilowa hukaza zenyewe na zinaweza kung'oa vigingi. Tatu, mishono. Siku ya jua, kitambaa kikiwa kikavu kabisa, mama alishona palipofunguka, kisha tukasugua mshumaa juu ya uzi kwa nje mpaka nta ikaziba matundu ya sindano. Nne, viraka. Kiraka huwekwa kwa nje, kipana kuliko tundu, na ukingo wake wa juu uingie chini ya mkunjo kama inawezekana, ili maji yapite juu yake yasiingie nyuma yake.

Ilipofika hapo tukabakiwa na mgongo wa hema, pale penye mti wa katikati. Hapo palikuwa pamechakaa. Hapashonwi wala hapazibiki kwa nta. Palihitaji turubai jipya, lile ambalo kwetu tunaliita shitingi.

Shitingi la mita nne kwa sita

Nilikuwa na akiba. Alasiri nyingi hapa nasomesha watoto madrasa karibu na chuo, na nilikuwa nimeweka fedha ya kununua kompyuta iliyotumika. Nilikwenda sokoni Bujumbura nikanunua shitingi zito la mita nne kwa sita. Nililibeba begani mpaka kambini. Sitawaficha, nilijiona mwana mwema. Moyoni nilikuwa nimeshaanza kusikia dua za bibi.

Baba akalikunjua, akalitazama, akapima kwa hatua zake. Halafu akamuita mama jirani wa hema la pili. Huyu ni mjane mwenye watoto watatu, na hema lake lilikuwa limepasuka mgongoni mpaka nyota zinaonekana. Baba akachukua kisu akalikata shitingi langu katikati, vipande viwili vya mita nne kwa tatu, akampa kimoja.

Ndugu zangu, nilikasirika. Nilikuwa nimefunga, nilikuwa katika kumi la mwisho, nilikuwa nimesoma fiqhi, na nilikasirika. Nikamvuta baba pembeni nikamwambia, "Baba, kile ni chetu. Bibi bado analowa. Mtume ametufundisha mtu aanze na walio chini ya malezi yake." Na hadithi hiyo ni sahihi, nilikuwa na hoja.

Baba yangu alisoma mpaka darasa la tano. Akanitazama akasema, "Mwanangu, hiyo hadithi imesema aanze, au imesema aishie hapo? Nimeanza na bibi yako. Sasa naendelea."

Nikanyamaza, lakini si kwa adabu. Nilinyamaza kwa hasira, na nilipogeuka nilitoa mguno. Mnaijua aya ya 23 ya Suratul-Israa inavyosema kuhusu wazazi wawili na ule mguno mdogo kabisa. Mimi niliifanyia mtihani aya ile. Niliandika kurasa tatu na nikapata alama nzuri.

Tukapanda kuweka kipande chetu. Mgongo wa hema una urefu wa kama mita nne; kipande cha mita tatu upana kilishuka mita moja na nusu kila upande. Kilitosha. Kilifunika bibi, kilifunika watoto, kilifunika vitabu. Kilichobaki wazi ni kona moja karibu na mlango, mahali nilipokuwa nimetandika mkeka wangu mimi.

Nikamwambia baba, "Hapa bado patavuja." Akasema, "Ndiyo. Wewe unaondoka Jumatatu."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. Hata mimi nikacheka, na ile hasira ikatoka. Usiku ule mvua ikanyesha tena. Nililala kwenye ile kona, tone likinipata mguuni kila baada ya muda, nikisikia upande wa pili watoto wa mama jirani hawalii. Usiku uliotangulia walikuwa wakilia, na mimi sikuwa nimewasikia, kwa sababu nilikuwa nikisikiliza beseni letu.

Hapo ndipo nilipoikumbuka hadithi ya Abu Musa (r.a.) kuhusu jamaa zake wa kabila la Ash'ari. Chakula chao kilipopungua vitani, au chakula cha familia zao kilipokuwa kichache mjini, walikusanya walichonacho katika nguo moja, wakagawana sawasawa kwa chombo kimoja. Mtume (s.a.w.) akasema hao ni wake na yeye ni wao. Nguo moja, wakagawana. Baba yangu hakuwahi kuisikia hadithi ile. Aliitenda kwa kisu, na mimi niliyeihifadhi kwa isnadi nilikuwa pembeni nikinuna.

Nilimwamsha baba wakati wa daku nikambusu mkono, nikamwomba radhi. Akasema, "Nimekusamehe tangu mchana. Kula, muda unakwisha."

Ninalowaomba

Ndugu zangu, sikuwaandikia haya mniwekee huruma. Mpaka naandika, familia yangu bado ipo kambini, na mgongo wa hema, kwa rehema za Allah, bado haujavuja. Nina mambo matatu ya kuwaomba, na kila moja linawezekana kwa mwanafunzi asiye na kitu.

La kwanza, ukipiga simu nyumbani Ijumaa hii, usiulize "Hamjambo?" peke yake. Wazee wetu watajibu hawajambo hata wakiwa ndani ya maji. Uliza, "Panavuja wapi?" Pengine kwenu si hema. Pengine ni dawa ya sukari ya mama iliyokwisha, ni karo ya mdogo wako, ni deni dukani ambalo baba analizunguka kwa njia nyingine. Kila familia ina tone lake na beseni lake. Uliza mpaka uambiwe.

La pili, tazama jirani wa hapa hapa. Sisi tunasoma nchi ambayo nayo inajua mvua. Mji wa Mbale uliona mafuriko mwisho wa Julai 2022 na watu wakafa. Bududa iliporomokewa na mlima Machi 2010, na miteremko ya Mlima Elgon imeporomoka tena baada ya hapo. Miongoni mwetu wapo waliotoka miteremko hiyo, na wapo waliokulia katika makambi ya wakimbizi. Hawatasimama msikitini kusema. Mwenzako asiyenunua chakula cha mchana na kusema amefunga kila siku, muulize vizuri, kwa siri, kwa heshima.

La tatu, jumuiya yetu hukusanya michango ya futari na ya sherehe za Idi. Hilo ni jema na lina thawabu. Naomba msimu huu tuongeze fungu dogo la kuzibia: shitingi, kamba, bati moja, chandarua. Mtu akichangia bei ya soda mbili kwa wiki, na tuko wengi, muhula hauishi bila kuziba mgongo wa hema la mtu. Tuanze na wetu. Kisha tuendelee.

Na mvua ikinyesha tuwe na adabu nayo. Mtume (s.a.w.) aliiomba iwe yenye manufaa, na siku moja alifunua sehemu ya nguo yake imguse, kwa kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake. Rehema ni rehema. Kazi iliyobaki, ya kukaza kamba na kukata shitingi, ametuachia sisi, na tutaulizwa.

Ewe Mola wetu, ijaalie mvua yetu iwe ya manufaa, isiwe ya mafuriko wala maangamizi. Wape makazi ya utulivu wote walalao kwenye mahema, wa Gatumba, wa miteremko ya Elgon, na kila mahali. Wasamehe wazazi wetu waliotuficha shida zao ili tusome. Tusamehe sisi tuliowahubiria subira tukiwa mahali pakavu. Usiifanye elimu yetu iwe hoja dhidi yetu. Aamin.

Wabillaahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.